Wakimbizi wa 1972: Mishamo na Kigoma Mjini

Mauaji ya Wahutu nchini Burundi mwaka 1972 yaliwavusha maelfu kwa maelfu ya watu kuingia Tanzania. Wengi walipelekwa kwenye makazi yaliyofyekwa porini: Ulyankulu mkoani Tabora, kisha Katumba na Mishamo, ambayo siku hizi yamo mkoani Katavi. Wengine waliishia Kigoma Mjini, wakapanga vyumba na kuhangaikia riziki pamoja na wenyeji.

Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyeishi na makundi yote mawili mnamo 1985 na 1986, aliyakuta yameshaachana njia. Mishamo watu walijihesabu kuwa taifa lililo uhamishoni. Habari za 1972 zilikuwa zimesimuliwa na kurudiwa hadi zikawa historia ya wote, na kuitwa mkimbizi hakukuwa aibu. Kigoma jina hilohilo lilikwepwa. Kirundi na Kiha vinasikilizana, hivyo aliyeweza kuchunga lafudhi yake alipita kama Muha. Kuoa na kuolewa kukafanya mengine. Akiulizwa kwao ni wapi, mtu wa mjini alimtazama kwanza muulizaji.

Makazi hayakuwa mahali pabaya. Palikuwa na mashamba, zahanati na shule, na baada ya misimu michache watu walijilisha wenyewe, wakauza mahindi na tumbaku. Ila kutoka nje kulihitaji kibali. Anayekwenda kumwona mgonjwa wilaya ya jirani akiwa na karatasi mfukoni, tayari kuikunjua akisimamishwa, hawezi kusahau kwamba ni mgeni. Utaratibu uliompa shamba ndio uliomtenga na jirani. Shule nazo zilivuta upande wa pili: watoto walisoma kwa Kiswahili, kwa mtaala wa Tanzania, na Burundi waliijua kwa masimulizi ya wazazi tu.

Mwaka 2007 ulipitishwa mpango wa kuwapa watu wa makazi hayo nafasi ya kuchagua: kurudi Burundi au kuomba uraia. Takriban mmoja kati ya watano alichagua kurudi. Kufikia 2010 maombi ya zaidi ya watu 162,000 yalikuwa yamekubaliwa, lakini vyeti havikutolewa. Sharti lilikuwa wahame kwanza, watawanywe katika mikoa mingine, makazi yafungwe. Hapa ndipo mpango ulipokwama, na si ajabu: uraia ulidai waliopewa waache mashamba waliyoyafyeka, makanisa waliyoyajenga na makaburi ya wazazi wao, yaani vitu vilevile vilivyokuwa vimewafanya wenyeji.

Sharti la kuhama liliondolewa, na vyeti vikaanza kugawiwa Oktoba 2014. Mwaka uliofuata wakapiga kura katika uchaguzi mkuu. Watu wengi wanawaita "raia wapya", na jina hilo linawafuata hata wale waliozaliwa Katumba.