Je, Wajua? Kondogi Iliokwa Kabla ya Kukaangwa

Je, wajua kwamba kondogi ilianza kwenye joto la kuokea kabla haijafika kwenye karai la mafuta? Ni kitafunwa cha Kimarekani: soseji huchomekwa kijiti, ikachovywa kwenye rojo zito la unga wa mahindi, kisha ikatumbukizwa kwenye mafuta ya moto. Lakini mwaka 1926 katalogi ya Albert Pick-L. Barth, wauzaji wa jumla wa vifaa vya hoteli na mikahawa, ilitangaza chombo kilichoitwa Krusty Korn Dog Baker. Soseji ilifunikwa rojo ndani yake, ikaokwa, ikatoka na umbo la hindi. Yeyote aliyenunua eafraya akitamani kutengeneza kondogi nyumbani aikumbuke habari hii, kwa sababu eafraya haikaangi. Ni oveni ndogo yenye feni kali.

Kasoro ya kuoka ilikuwa muda. Ed Waldmire alionja soseji iliyookwa ndani ya mkate wa mahindi huko Muskogee, Oklahoma. Aliipenda, ila ilichelewa mno kuiva. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akiwa mwanajeshi Amarillo, Texas, alisaidiwa na rafiki kupata rojo linaloshika vizuri kwenye soseji, akaanza kuzikaanga. Mwanzoni aliziita Crusty Curs. Mkewe, Virginia, hakulipenda jina hilo hata kidogo, na walipoanza kuuza Springfield, Illinois, mwezi Juni 1946, zilikuwa zimeshaitwa Cozy Dogs.

Je, wajua kwamba Waldmire ni mmoja tu kati ya wengi wanaotajwa kuwa waanzilishi? Ndugu wawili waliokuwa waigizaji wa jukwaani, Neil na Carl Fletcher, walikuwa wakiuza zao kwenye maonyesho ya jimbo la Texas, mjini Dallas, kufikia mwaka 1942. Watu wa Oregon nao wana kondogi yao, Pronto Pup, na hawakubali kushindwa. Mimi naona ubishi huu unapungua nguvu mtu akisoma hati ya hataza aliyopewa Stanley Jenkins wa Buffalo, New York, mwaka 1929, baada ya kuiomba mwaka 1927. Ndani yake kuna kila kitu: kijiti, rojo na mafuta ya moto. Na Jenkins hakuishia kwenye soseji. Alitaja mayai ya kuchemsha, jibini, ndizi, mananasi, hata cheri.

Sasa, kwa nini mafuta yalishinda? Joto la mafuta ya nyuzi 180 hupenya kwenye chakula kwa kasi ambayo hewa ya nyuzi hizohizo haiwezi kuifikia. Mpishi yeyote anaweza kuingiza mkono ndani ya oveni yenye moto ili ageuze sinia, akautoa salama. Hakuna anayethubutu kuuchovya kwenye karai. Rojo likigusa mafuta hayo, ngozi yake ya nje hukakamaa papo hapo, kabla halijapata nafasi ya kuchuruzika. Yale mapovu yanayochemka pembeni ni maji ya rojo yanayotoka yakiwa mvuke.

Eafraya haina nguvu hiyo. Kampuni ya Philips iliizindua mjini Berlin mwaka 2010, kutokana na ubunifu wa Mholanzi Fred van der Weij. Kazi yake ni rahisi kuelewa: waya wa moto uko juu, feni inasukuma hewa kwa kasi kuzunguka chakula, unyevu wa juu unakauka, na chakula kinapata rangi ya kahawia. Kwa chipsi na mabawa ya kuku ni kazi safi. Kwa rojo bichi ni balaa. Linaanza kutiririka dakika ya kwanza, feni inalipeperusha, linapita kwenye matundu ya kikapu, na unabaki na soseji iliyo uchi juu ya chapati iliyoungua. Kondogi za paketi zinazouzwa Marekani hutoka vizuri kwenye eafraya kwa sababu zimeshapitishwa kwenye mafuta kiwandani kabla ya kugandishwa.

Basi dawa ni kulifanya rojo ligande kwa baridi kabla ya kukutana na joto. Kwa soseji nane, changanya kikombe kimoja cha unga wa mahindi, kimoja cha unga wa ngano, vijiko viwili vya chai vya beking pauda, viwili vya mezani vya sukari na chumvi kidogo. Tia yai moja na maziwa robo tatu ya kikombe. Rojo liwe zito kiasi kwamba ukiinua mwiko lidondoke kwa mabonge. Futa soseji mpaka zikauke kabisa, maana rojo halishiki kwenye ngozi yenye maji, kisha zichomeke vijiti na uzipake unga mkavu. Mimina rojo kwenye glasi ndefu, chovya, zungusha, lazimisha kila upande upate. Zilaze kwenye sinia lenye karatasi ya kuokea iliyopakwa mafuta, uziweke kwenye friza mpaka ziwe ngumu. Washa eafraya mapema ifike nyuzi 200, zipake mafuta kwa brashi, ziweke ndani zikiwa juu ya karatasi yake, na uzigeuze baada ya dakika sita hivi, kisha uziache sita nyingine. Upande uliolalia karatasi utakuwa bapa. Ukubali.

Vijiti vya mishikaki vinafaa sana, ila vikate viingie kikapuni bila kugusa waya wa moto.

Soseji yenyewe iwe imeshaiva. Nyingi zinazouzwa kwetu ni mbichi, na dakika kumi na mbili za eafraya hazitoshi kuivisha kitu kilichogandishwa na kuvikwa koti nene. Smoki, zile wanazopasua wachuuzi wa Nairobi na kuzijaza kachumbari, zina sifa hiyo tayari, kwa sababu zimepitia moshi na joto kiwandani. Na kwa kuwa soseji nyingi za Kimarekani huwa na nguruwe, asiyekula atafute ya ng'ombe au ya kuku, ladha haipotei.

Je, wajua kwa nini ngano haikwepeki? Mahindi, zao lililoanza kulimwa Mexico miaka ipatayo 9,000 iliyopita, hayana ile gluteni inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Unga wa mahindi peke yake utapasuka na kudondoka. Wamarekani hupendelea ule wa njano wenye chenga kidogo. Dona letu linakaribia ladha hiyo kuliko sembe, nami ningelichagua kila mara.

Wakorea Kusini ndio waliokaribia kumaliza tatizo la rojo kutiririka, ingawa wao hukaanga. Wengi wao hutumia donge la hamira, zito na lenye kuvutika, linalozungushwa kwenye soseji au kipande cha jibini ya mozarela. Juu yake hubandikwa chenga za mkate au vipande vidogo vya viazi, na ikiiva hunyunyiziwa sukari. Donge la namna hiyo halitiririki, kwa hiyo kwenye eafraya linakaa mahali pake hata bila friza. Ukitaka viazi juu, vikate vidogo sana na uvichemshe kwanza. Vibichi havitaiva kabla donge halijaungua.