Barua ya Mwalimu kwa Wasanifu

Katika ukumbi wa Shule ya Crow Island, mjini Winnetka, kaskazini mwa Chicago, viti vya mbele ni vidogo na vinaongezeka ukubwa kadiri unavyoelekea nyuma. Swichi za taa ziko pale mkono wa mtoto unapofika. Kila darasa lina umbo la herufi L, chumba chake cha kazi za mikono, choo chake na mlango wake wa kutokea uani. Shule hii ya umma ilifunguliwa mwaka 1940. Nilipoisoma habari yake, swali moja lilinikaa akilini: msanifu wa jengo hili walimpataje?

Msanifu Lawrence Perkins alikuwa na umri wa miaka 30 na ushei, ofisi yake changa. Carleton Washburne, msimamizi wa shule za Winnetka, alimpenda, ila alitaka mtu mzoefu. Perkins akamwendea Eliel Saarinen, msanifu mashuhuri mzaliwa wa Finland, wakashirikiana, na kazi wakapewa.

Kisha Perkins akaingia madarasani kutazama na kuwauliza walimu, watoto, hata wafagizi. Mwalimu Frances Presler naye akawaandikia wasanifu barua. Alitaka jengo la kitoto hasa, si la watoto kama watu wazima wanavyowadhania. Alitaka kila mtoto alione ni lake. Akaonya lisiwe zuri kupita kiasi, watoto wasije wakajikuta wanalitunza badala ya kulitumia. Huyu mama alijua kazi yake.

Leo sheria ya Illinois, jimbo iliko Winnetka, inaitaka wilaya ya shule inayotafuta msanifu itangaze kazi, ipime sifa na uzoefu, ipange kampuni kwa ubora, ndipo ijadiliane ada na ya kwanza. Wasipoelewana, inaitwa ya pili. Bei haiulizwi kabla, na ni haki: ramani ya bei chee huigharimu shule miaka mingi. Lakini wilaya yenye uhusiano wa kuridhisha na kampuni fulani inaruhusiwa kuruka hatua hizo. Kijana asiyewahi kujenga shule apitie mlango gani? Na kumsikiliza mwalimu kunapewa alama ngapi?

Wewe uliye kwenye bodi ya shule, waombe walimu wako waandike barua yao kwanza. Kisha mpe kila msanifu aisome, umuulize atakaa darasani siku ngapi kabla ya kuanza kuchora.