Mwalimu na Hofu ya Chanjo

Wakati wa janga la maradhi mwalimu wa shule ya msingi huulizwa maswali yasiyomo katika muhtasari wa masomo. Mojawapo ni hili: je, chanjo ni salama? Hatuna budi kujiandaa kulijibu, kwani jibu letu laweza kuokoa maisha au kuyapoteza.

Kwanza, tutambue kwamba kuuliza si ujinga. Nchini Tanzania, mwezi Januari 2021, Rais John Magufuli alionya dhidi ya kuzikimbilia chanjo za UVIKO-19. Tarehe 28 Julai mwaka huo huo, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani jijini Dar es Salaam, akazindua kampeni ya chanjo. Mwananchi aliyesikia sauti hizo mbili katika muda wa miezi sita alikuwa na haki ya kusita. Kumkemea mtu wa namna hiyo humfunga kinywa, wala hakumwondolei shaka.

Pili, hofu si za namna moja. Yuko aogopaye sindano. Yuko asiyewaamini walioileta chanjo. Yuko aliyesikia uvumi kwamba huondoa uzazi. Dawa ya hofu moja haiponyi nyingine. Kwa hiyo yafaa tusikilize kabla ya kueleza.

Tutazame mfano wa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia. Aliikwepa chanjo ya ndui kwa kuogopa maumivu. Mwezi Oktoba 1977 aliugua ndui, akapona, naye ndiye mtu wa mwisho duniani kuupata ugonjwa huo kwa maambukizo ya kawaida. Miaka mingi baadaye aliwasimulia wazazi kisa chake ili wakubali watoto wao wapewe chanjo ya polio. Alifahamu hofu yao, kwani ilikuwa yake pia.

Darasani, wanafunzi wataje waliyoyasikia, nasi tuyaandike ubaoni bila kucheka. Kisha tueleze kwamba chanjo huuzoeza mwili kumtambua adui kabla hajaingia. Tusifiche kwamba mkono waweza kuuma na homa kidogo kutokea, wala kwamba aliyechanjwa UVIKO-19 aweza kuambukizwa, ijapokuwa hatari ya kuugua sana hupungua. Mzazi akigundua tulimficha jambo dogo, hatatuamini katika kubwa. Maswali yanayotushinda tumwalike mganga wa zahanati ayajibu mbele ya wazazi.