Kadi Ina Siku Yake: Jinsi Kikundi Kinavyoweza Kutengeneza Kadi za Mkono Bila Hasara

Sisi tuko Komarock, hapa Eastlands ya Nairobi, kando ya barabara ya Kangundo tunapopakana na Kayole.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika kazi ya kadi tumeona neno hilo ni kweli nusu tu. Mwaka mmoja kikundi chetu kilitengeneza kadi za Krismasi nzuri kabisa, zenye nyota za kumetameta. Lakini zilikuwa kubwa kuliko bahasha zinazouzwa madukani, na tulizimaliza tarehe 22 Desemba. Kufika tarehe 26, zile nzuri zetu zilikuwa karatasi tu. Gundi yote ile, glita yote ile, na usiku tuliokesha! Tangu hapo tuna msemo wetu: kadi ina siku yake.

Vikundi kadhaa vimetuuliza kama kazi hii inaweza kuwa mradi wa kuleta mapato. Jibu letu ni ndiyo, lakini si kwa kuanza na glita. Anzeni na siku, halafu bahasha, halafu hesabu. Mapambo ni ya mwisho.

NANI BADO ANANUNUA KADI?

Kadi ya kwanza ya Krismasi kuuzwa madukani ilichapishwa London mwaka 1843. Henry Cole aliiagiza kwa sababu alikuwa na watu wengi mno wa kuwaandikia barua. Kwa hiyo tangu mwanzo kadi ilikuwa njia ya kupunguza kazi. Leo kazi hiyo inafanywa na simu. Salamu ya kawaida, ile ya "heri ya mwaka mpya" tu, hutumwa kwa ujumbe wa simu, na hakuna kikundi kitakachoshindana na hilo.

Zile kadi za kumtakia mwanafunzi heri ya mtihani, ambazo watu huziita saksesi kadi, nazo zilipata pigo. Mwaka 2016 Wizara ya Elimu ilizuia wazazi kutembelea shule na kufanya siku za maombi katika muhula wa tatu, na mlango mmoja mkubwa wa kadi hizo ukafungwa. Mtihani wa KCPE wenyewe ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Aliyebaki na sanduku la kadi zilizoandikwa KCPE hana wa kumuuzia.

Kumbe basi imebaki nini? Imebaki kadi ambayo mtu anataka kuishika na kuiweka: ya arusi, ubatizo, kipaimara, komunyo ya kwanza, kumpongeza aliyehitimu, kumshukuru mwalimu anayestaafu, kuwafariji waliofiwa. Pia imebaki kadi ya kualika watu kwenye harambee. Kadi hizi zina jambo moja jema: mwenye shughuli huja mapema, anajua anataka ngapi, na anaweza kutoa malipo ya kwanza. Hapo hamkisii soko, manake mnunuzi yuko mbele yenu kabla hamjakata karatasi.

Tena hatuko peke yetu Afrika Mashariki. Huko Kigali, Rwanda, mradi uitwao Cards from Africa ulianzishwa mwaka 2004. Vijana yatima waliokuwa wakilea wadogo zao walitengeneza karatasi kutokana na makaratasi yaliyotupwa na maofisi, wakaifanya kadi na kuuza ng'ambo. Kwa hiyo kazi hii si mchezo wa watoto.

1. ANZA NA BAHASHA

Nunueni bahasha moja kwanza, muipime, ndipo mkate kadi. Bahasha ya C6 ina sentimita 16.2 kwa 11.4. Chukua karatasi ngumu ya A4, yaani sentimita 21 kwa 29.7. Ikate katikati upande ule mrefu upate vipande viwili. Kunja kila kipande katikati. Utapata kadi mbili za sentimita 14.8 kwa 10.5, na zitaingia ndani ya C6 bila kusukumwa. Manila ya ukubwa wa A1 hutoa A4 nane, yaani kadi 16 bila kutupa kitu.

Karatasi ya gramu 200 hadi 250 inafaa. Nyepesi kuliko hapo hulala chini kama imechoka; nzito mno huvunjika inapokunjwa. Mkiwa na mtu anayesafiri kuja Nairobi, apitie kwa wachapaji wa River Road aulize mabaki ya karatasi ngumu. Mchapaji anapokata kazi kubwa hubakiwa na vipande ambavyo kwake ni takataka, na kwenu ni kadi.

2. KUKATA NA KUKUNJA

Kadi iliyopinda ndiyo inayomfanya mnunuzi aseme, "Hii ni ya nyumbani." Tumieni rula ya chuma na kisu cha karatasi, msitegemee makasi. Mtu mmoja mwenye mkono thabiti akate zote, ili zote ziwe sawa.

Kabla ya kukunja, weka rula mahali pa mkunjo, upitishe kalamu iliyoisha wino ili ichore mfereji mdogo. Hapo karatasi itakunjika bila kupasuka. Kumbuka pia karatasi ina nyuzi, kama mbao. Jaribu kuipinda kidogo upande huu na upande ule. Upande unaopindika kwa urahisi ndio wa kuwekea mkunjo.

3. MUHURI NA WINO

Kuchora kila kadi kwa mkono ni kazi ya kuchosha, na ya kumi haifanani na ya kwanza. Tengenezeni muhuri. Chukua soli ya patapata kuukuu, kata umbo la njiwa, jani au msalaba kwa wembe, ubandike juu ya kipande cha ubao. Kiazi pia kinafaa, lakini kwa siku moja tu.

Maneno lazima yachongwe kinyume, la sivyo yatatoka kinyume kwenye kadi! Andika neno kwa penseli kwenye karatasi nyembamba, igeuze, iweke kwenye kioo cha dirisha, na ufuatishe herufi kwa nyuma. Hiyo ndiyo sura ya kuhamishia kwenye soli.

Pedi ya wino ni sponji ndani ya kifuniko cha mkebe. Gusa wino kidogo. Ukilowesha mno, sura itafura. Wino wa muhuri wa ofisi hunywewa na manila ya kawaida, lakini juu ya karatasi ya kung'aa hukawia kukauka. Pigeni muhuri kwenye kipande cha kujaribia, subirini dakika kumi, halafu msugue kwa kidole. Ukichafua, badilisheni karatasi au wino kabla hamjapiga mia moja.

4. KIKATIO CHA CHUMA

Yale maua na nyota zilizokatwa safi mnazoziona kwenye kadi za dukani hazikatwi kwa makasi. Hukatwa kwa kikatio. Ni ukanda wa chuma chembamba kigumu, uliokunjwa kufuata umbo na kunolewa upande mmoja, kama kile ambacho mafundi wa viatu hukatia ngozi. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji na wa Kariobangi hapa jirani yetu ni watu wa kufua chuma kila siku. Mpelekeeni fundi mchoro wa umbo rahisi: nyota, moyo, jani. Umbo lenye kona nyingi litawasumbua.

Weka karatasi juu ya ubao laini au kipande cha mpira, usiiweke juu ya simiti, manake makali yataisha siku hiyo hiyo. Weka kikatio, piga nyundo mara moja kwa nguvu. Ndani ya umbo bandikeni sponji iliyozidi makali kidogo ili isukume karatasi itoke. Kikatio kisishikwe na watoto, na kikae ndani ya sanduku lake.

Tena msitupe kitu. Kadi iliyotobolewa nyota inapendeza ikiwekewa kitambaa cha kitenge kwa ndani, na ile nyota iliyotoka inabandikwa juu ya kadi nyingine. Pigo moja la nyundo, kadi mbili.

5. GLITA MWISHO, TENA KIDOGO

Paka gundi nyembamba mahali panapotakiwa tu. Fanyieni kazi juu ya gazeti lililokunjwa katikati. Nyunyiza, subiri kidogo, gongagonga kadi ili zilizozidi zianguke, halafu tumia ule mkunjo wa gazeti kuzirudisha chupani. Laza kadi ikauke kabisa. Kadi iliyofungwa mbichi hunata ndani ya bahasha.

Lakini jueni glita ni nini. Nyingi ni plastiki nyembamba iliyopakwa madini ya kung'aa, ikakatwa vipande vidogo sana. Haiozi. Ikifagiliwa nje huingia udongoni na mtoni. Ikiingia jichoni inaweza kukwaruza, kwa hiyo msipulize, msijisugue macho, na mnawe mikono. Umoja wa Ulaya ulizuia uuzaji wa glita ya plastiki iliyo huru kuanzia tarehe 17 Oktoba 2023. Kikundi chenye ndoto ya kuuza kadi Ulaya kiulize mnunuzi kwanza.

Huko kijijini mna mapambo ambayo sisi wa mjini tunayatamani. Maganda makavu ya mgomba, yakifutwa na kupigwa pasi ya moto mdogo chini ya kitambaa, yana rangi za kahawia ambazo hakuna kiwanda kinachozitoa. Vipande vya kitenge na kanga fundi cherehani anavitupa. Hivyo ndivyo vinavyoitofautisha kadi yenu na ya dukani.

6. HESABU: ZILE 30 ZA MWISHO

Mali bila daftari hupotea bila habari. Huu ni mfano tu. Wekeni bei za kwenu.

Karatasi A4 50, kwa Sh 10: Sh 500
Bahasha 100, kwa Sh 5: Sh 500
Wino, gundi na mapambo: Sh 300
Nauli: Sh 200
Kazi, saa 10 kwa Sh 60: Sh 600
Jumla: Sh 2,100

Wengi husahau mstari wa kazi. Husema, "Ah, ni sisi wenyewe." Lakini saa hizo kumi mngekuwa shambani. Ziandikeni.

Tuseme kadi kumi zimeharibika, mmebaki na 90. Mkimuuzia mwenye duka kwa Sh 35, kadi 60 za kwanza zinaleta Sh 2,100. Yaani zinarudisha gharama, basi. Faida yote, Sh 1,050, iko kwenye zile 30 za mwisho. Zikibaki mezani siku ikapita, mmefanya kazi bure. Zikibaki 40, mmeingia mfukoni. Sasa mnaona kwa nini tunapiga kelele juu ya siku.

KALENDA YA KIKUNDI

Andikeni ukutani siku za mwaka za kwenu: Pasaka, Idd, siku ya akina mama ambayo ni Jumapili ya pili ya Mei, kipaimara parokiani, arusi za Agosti na Desemba, Krismasi. Kwa kila siku rudini nyuma wiki sita: hapo ndipo mnaonyesha sampuli na kuchukua oda. Wiki nne kabla mnanunua vifaa. Wiki mbili kabla kadi ziwe zimekauka na kufungwa.

Kwa kazi ya kuagizwa, ombeni nusu ya malipo kabla ya kuanza, kwa mkono au kwa M-Pesa, na mweka hazina aiandike siku hiyo hiyo. Nusu hiyo inunue karatasi, msiende kukopa. Msiandike mwaka juu ya kadi za kuuza dukani, ili zilizobaki zingojee Krismasi nyingine mahali pakavu.

Anzeni na kadi 20 tu. Zipelekeni kanisani Jumapili, muone ni zipi zinashikwa na zipi zinapitwa. Haba na haba hujaza kibaba.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika miezi mitatu ijayo, ni shughuli gani kwetu zitahitaji kadi, na nani wa kuulizwa oda?
2. Ni bahasha gani inapatikana katika duka letu la karibu? Nani ataipima?
3. Tuna nini hapa kijijini cha kupambia bila kununua?
4. Zikibaki 30, tutafanya nini nazo?

Jibuni hilo la nne kabla hamjafungua chupa ya glita. Mungu aibariki kazi ya mikono yenu.