Profesa Achunguzwapo

Mwalimu mmoja wa sekondari wa Chake Chake, Pemba, alituuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake papo hapo. "Waheshimiwa," alisema, "mbona uhuru wa vyuo vikuu ni wa maprofesa peke yao? Sisi huku tukisema maneno yayo hayo, twafungwa."

Hakuwa akitia chumvi. Mwaka 1990 ulichapwa mhadhara wa Profesa Issa Shivji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam juu ya misingi ya kisheria ya Muungano. Alihoji uhalali wa kuongeza mambo ya Muungano kupita yale kumi na moja ya Hati ya 1964. Nchi ilikuwa bado chini ya chama kimoja, na suala hilo halikuwa la kuguswa ovyo. Mhadhara ulichapwa, ukasomwa. Wakati huohuo Seif Sharif Hamad, mzaliwa wa Mtambwe huko Pemba na aliyepata kuwa Waziri Kiongozi, alikuwa kizuizini tangu Mei 1989. Hakuachiliwa hata Novemba 1991. Mashtaka yake yalikuwa mengine, lakini Wapemba wengi waliisoma habari hiyo kwa namna yao.

Hata hivyo, tusidhani kwamba chuo kilikuwa kisiwa cha amani. Jarida la wanafunzi liitwalo Cheche lilipigwa marufuku mwaka 1970, na Mei 1990 serikali ilikifunga chuo chenyewe. Mwezi Aprili mwaka huo wanataaluma walikuwa wametoa Azimio la Dar es Salaam, na mwezi Novemba wenzao wa Afrika wakatoa lile la Kampala. Azimio la Kampala halisemi kwamba mwalimu wa chuo asichunguzwe kamwe. Lasema asiondolewe kazini isipokuwa kwa utovu mkubwa wa nidhamu, au kwa uzembe au kutoweza kazi kuliko thibitishwa, tena baada ya kusikilizwa kwa haki mbele ya chombo kilichochaguliwa na wanataaluma wenyewe. Maoni peke yake si kosa.

Sisi Walutheri tungepaswa kulielewa jambo hili upesi. Martin Luther alikuwa profesa wa Wittenberg, na mwaka 1518 alipoitwa Augsburg mbele ya Kardinali Cajetan aliomba aonyeshwe kosa lake. Alichotakiwa ni kukana tu. (Nasi pia, tukiri, vyuo vyetu vya theolojia havikosi makardinali wadogo wadogo.)

Lakini upande wa pili nao ni mzito. Ferdinand Nahimana alikuwa profesa wa historia katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda na mmoja wa waanzilishi wa redio RTLM. Mahakama ya Kimataifa iliyoketi hapa Arusha ilimhukumu kifungo cha maisha mwaka 2003. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufani ikakipunguza kuwa miaka 30. Kilichobaki katika hukumu ni kwamba alikuwa na mamlaka juu ya watumishi wa redio ile, naye hakuwazuia wala kuwaadhibu walipochochea mauaji baada ya tarehe 6 Aprili 1994. Mafundisho yake ya darasani hayakuwa ndiyo yaliyomtia hatiani. Mtu anayesema kwamba uhuru wa taaluma humkinga mchochezi, na yule anayesema kwamba hofu ya uchochezi yatosha kumnyamazisha mwalimu, wote wawili yawapasa kuisoma hukumu ile polepole.

Tukirudi kwa mwalimu wetu: marehemu Profesa Haroub Othman, Mzanzibari aliyefundisha Dar es Salaam, alianzisha Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar mwaka 1992, nacho kikawa na ofisi Chake Chake. Huko mvuvi na mkulima wa karafuu waliweza kuuliza habari za haki zao bila kulipa wakili. Tulimtajia mwalimu habari hiyo. Alitikisa kichwa, akasema ofisi anaijua, na kwamba swali lake bado liko palepale.