Hesabu ya Mkeka wa Lamu

Katika visiwa vya Lamu na Pate wanawake wengi husuka ukili kwa miaa, kisha huushona ukawa mkeka. Kazi hiyo huchukua siku nyingi. Lakini msukaji akiulizwa faida yake, mara nyingi huondoa gharama ya miaa na rangi tu. Siku zake mwenyewe hazihesabu. Hapo ndipo mchuuzi apatapo nafasi ya kununua kwa bei duni.

Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipoanzishwa mwaka 1952, mafunzo yake yalikuwa hasa ya usafi, mapishi na ushonaji. Yalifaa, ila jambo hili hayakuligusa. Hazina ya Biashara za Wanawake, ambayo Serikali ya Kenya iliianzisha mwaka 2007, huwafundisha wanakikundi kwanza ndipo iwakopeshe: kuandika daftari, kutenga mtaji mbali na fedha za nyumbani, na kupanga bei. Kwa miaka mingi mkopo wa kikundi haukutozwa riba, jambo lenye uzito kwa Waislamu wa Lamu, ingawa ilikuwako ada ya shilingi 5 kwa kila shilingi 100. Wanakikundi hudhaminiana, mmoja akishindwa kulipa, mzigo huwaangukia wenziwe. Kwa hiyo yafaa kila mmoja aweze kulisoma daftari la kikundi, wala asimwachie katibu peke yake.