Philadelphia: Benki na mwenye nyumba waketi kwanza, mnada baadaye

Katika mji wa Philadelphia, Marekani, mkaaji aliyeshindwa kulipa mkopo wa nyumba hupewa nafasi ya kuzungumza na benki kabla nyumba yake haijauzwa. Utaratibu huo ulizaliwa mwaka wa 2008, wakati maelfu ya familia nchini humo zilikuwa zikipoteza makao.

Wengi walikuwa wamekopa kwa riba iliyoanza chini, kisha ikapanda baada ya miaka miwili au mitatu. Mshahara ulibaki ule ule, malipo ya kila mwezi yakazidi. Aliyeshindwa alishtakiwa, na nyumba ikapigwa mnada na sherifu, afisa anayechaguliwa na raia ili kutekeleza amri za mahakama.

Mwezi wa tatu mwaka huo, baraza la mji lilimuomba sherifu John Green asimamishe minada. Green alikubali, akafuta mnada wa mwezi wa nne. Lakini hiyo ilikuwa nafuu ya muda tu, kwani baraza la mji haliwezi kufuta mkataba kati ya benki na mkopaji.

Ndipo mahakama ikaingilia. Iliamuru kwamba kesi zote za nyumba zinazokaliwa na wenyewe zipitie kwanza kwenye kikao cha upatanishi. Jaji Annette Rizzo alisimamia mpango huo.

Serikali ya mji, chini ya meya Michael Nutter, iligharimia washauri na namba ya simu ya msaada. Watu walitumwa pia kubisha hodi mlango kwa mlango, kwa sababu mwenye deni mara nyingi huogopa hata kufungua barua ya benki.

Kikaoni, mwenye nyumba huleta karatasi za mapato na matumizi yake, mshauri akiwa kando yake. Wakili wa benki huketi upande wa pili. Wanaweza kukubaliana riba ipunguzwe, muda wa kulipa urefushwe, au malimbikizo yaongezwe juu ya mkopo. Deni lenyewe linabaki.

Mwaka wa 2009, eneo la Pittsburgh, katika jimbo hilo hilo la Pennsylvania, lilianzisha mpango unaofanana na huo.

Hata hivyo, si kila familia inaokolewa. Asiye na mapato ya kutosha hana cha kuahidi mezani. Na asiyefika kikaoni, kesi yake huendelea hadi mnada.